Blogu ya Misiba Yaomba Matangazo

Asubuhi hiyo ya Februari 2011 Sadru hakusalimia mtu. Aliingia kwenye mgahawa wa donati pale plaza ya Lawrence, Scarborough, theluji ingali mabegani, akaweka kompyuta mezani na kuwageuzia wenzake kioo.

"Wamenikataa tena. Mara ya tatu!"

Wenzake ni walewale wa kila siku. Rosario, Mgoa wa Mombasa, pale kijiweni ni Monsinyori kwa sababu anahubiri bila kuombwa. Thacienne wa Bukavu ni Madamu Hapana, maana kila sentensi yake huanzia hapo. Na Firoz wa Mwanza ni Wakili: hajasoma sheria hata siku moja, ila ameshapinga faini nane za maegesho na kushindwa zote. Sadru mwenyewe wanamwita Mhariri Mkuu, kwa ajili ya blogu yake ya misiba: nani kafariki, anazikwa wapi, pilau saa ngapi.

Sasa Fareen, binti yake anayeilipia blogu hiyo, alikuwa ameshasema: kampuni ya matangazo ya mtandaoni isipoikubali kufikia katikati ya Machi, ili blogu ijilipie yenyewe, anaifunga. Na Sadru bila blogu ni mstaafu tu mwenye kompyuta. Jambo hilo lilimnyima raha kabisa.

"Wanasemaje?" Rosario akauliza.

"Eti habari zangu zinajirudia. Mimi! Nimeweka ukurasa wa kujitambulisha, nimeweka sera ya faragha, mpaka picha za majeneza nimeondoa!"

"Hapana, papa Sadru. Soma moja tusikie."

"'Alikuwa mcheshi, mpenda watu, ameacha pengo lisilozibika.'"

"Nyingine."

"'Alikuwa mcheshi, mpenda watu...'" Sadru akakohoa.

"Ziko ngapi za hivyo?"

"Sitini na mbili."

"Mama yangu!" Rosario akashika kichwa. "Mapengo sitini na mawili! Mji si ungekuwa kibogoyo? Hata mzee Sikander, aliyekuwa haitikii salamu, naye mcheshi?"

"Sasa marehemu nimseme vibaya?"

"Hapana, sema kweli," Thacienne akamkata kauli. "Andika, wageni wakikaa sana alikuwa anazima hita."

Sadru alitaka kukasirika, lakini sentensi ilikuwa nzuri. Akaiandika.

Wakaenda hivyo wiki nzima, marehemu kwa marehemu, kahawa zikipoa. Alhamisi wakafika kwa Zebunissa, mke wa Firoz. Firoz akaanza kukunja tishu yake vipande vidogo vidogo.

"'Alikuwa mcheshi, mpenda watu,'" Sadru akasoma, "'na golikipa hodari wa timu ya wazee wa Don Mills...'"

Rosario akarudisha donati yake kwenye sahani.

Sadru alitamani ardhi immeze. Alikopi taarifa ya Almas, golikipa mwenyewe, akabadilisha jina na picha, sentensi ya golikipa akaisahau. Mwaka mmoja na nusu iko hewani!

"Firoz bhai, nisamehe. Naifuta sasa hivi."

"Ukiigusa tutagombana."

"Kwani uliiona?"

"Naisoma kila asubuhi. Siku ya kwanza nilitaka kuja kukupiga, koti nikavaa kabisa. Nimefika kwenye lifti, nikamwona Zebu golini na miwani yake, anamgombeza refa. Nikacheka mpaka jirani akafungua mlango. Nilikuwa sijacheka tangu tumzike. Mwache golini."

"Hapana," Thacienne akasema, akajifuta macho kwa skafu, na safari hii hakumalizia.

"Lakini ya Almas nayo inasema hivyohivyo," Sadru akanong'ona. "Mashine ya kampuni itaona ni kopi."

"Mtoe Almas golini," Firoz akasema.

"Si ndiye aliyekuwa golikipa!"

"Golikipa gani?" Rosario akaingilia. "Mimi nilikuwepo. Sisi Wagoa tulimfunga kumi na moja bila. Andika alihudhuria."

Ikaandikwa hivyo: marehemu Almas alihudhuria mechi zote.

Wiki ya kwanza ya Machi barua ikaja. Blogu imekubaliwa. Sadru akalia palepale mbele ya donati, bila aibu, Thacienne akimpigapiga mgongoni. Firoz akaomba wafungue kwanza ukurasa wa Zebunissa. Wakafungua. Chini ya picha yake, tangazo la kwanza kabisa la blogu: glavu za golikipa, bei imeshuka.

Hakuna aliyecheka. Firoz akapeleka kidole.

"Usibonyeze!" Sadru akamdaka mkono. "Ni marufuku sisi wenyewe kubonyeza, watatufukuza!"

"Sibonyezi, bhai. Naangalia saizi." Akavaa miwani, akasogea karibu na kioo. "Zebu alikuwa anavaa namba sita."