Malalamiko ya Mshiriki Namba 047 Aliyeondolewa Katika Kundi la Wazima

Nicanor Odongo,
Nyumba za nyuma ya soko,
Ruiru.

Kwa Daktari Mwongeli Mutisya,
Msimamizi, Maabara ya Jeni za Kisukari,
Barabara ya Kalimoni.

Daktari mheshimiwa,

MINTARAFU: KUSHUSHWA CHEO BILA KUSIKILIZWA

Natumai wewe na darubini zako hamjambo. Mimi sijambo, na hilo ndilo jambo ninaloandikia.

Utakumbuka kwamba miaka mitatu iliyopita ulituomba sisi watu wazima wa afya tujitolee, ili damu yetu ilinganishwe na ya wenye ugonjwa wa sukari. Nilikuwa wa kwanza kuinua mkono kanisani. Tangu hapo, kila Januari, Sista Janice hutuletea kadi na kijisindano. Mtu akiamka, kabla ya kutia chochote kinywani, anajidunga kidole nyumbani kwake, anadondosha matone matano kwenye kadi, na Janice anapita kuichukua. Sijawahi kuchelewesha kadi hata siku moja. Juma lililopita nilipokea barua yenu kwamba nimetolewa katika kundi la wazima na kwamba nije kliniki upesi. Niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaketi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mnasema sukari yangu, iliyokuwa 4.9 miaka yote mitatu, sasa ni 11.8. Daktari, mimi nafanya kazi kiwandani Thika, kwenye mkanda wa mananasi, mwaka wa kumi na tisa huu. Hewa ya pale ukiivuta unaweza kuacha kununua sukari. Kama mashine yenu imeonja nanasi kidogo, ni kosa langu? Mtauliza mbona miaka ya nyuma haikuonja. Miaka ya nyuma upepo ulikuwa ukielekea upande wa Mwanzia, anayefunga makopo. Mpimeni yeye.

2. Mnaandika kwamba jeni za kadi ya mwaka huu hazifanani na za kadi tatu za kwanza, eti ni damu ya watu wawili. Tafadhali someni tarehe. Mwezi wa Novemba mimi niliokoka. Mchungaji Ngigi alinishika kichwa mbele ya watu, akatangaza kwamba Nicanor wa zamani hayupo tena. Sasa maabara ya kwanza duniani kupata ushahidi wa wokovu ndani ya damu, badala ya kushangilia, inaniandikia "tafadhali fafanua". Nyinyi ndio mnaopaswa kufafanua.

3. Hili linaniuma na naliandika polepole. Mnasema kadi tatu za kwanza ni za mwanamke. Mimi! Baba Lynn na Maxine, golikipa wa timu ya kiwanda kabla ya goti kunisaliti! Hata hivyo nimelitafakari kwa utulivu. Nimeishi na mke wangu Benta Ajwang miaka ishirini na miwili, tunakula sufuria moja, na nyumba nzima mwanamume ni mimi peke yangu. Waliosema ukikaa karibu na waridi utanukia hawakuwa wajinga. Jeni nazo zina masikio, huzoea wenyeji.

4. Hapa mtaani wananiita Mzima. Mama mmoja kutoka Theta alimleta mwanawe aniangalie tu. Kwenye harusi natoa wosia kuhusu madhara ya keki, na kwa kuwa natoa wosia huo karibu na keki, huonja ili nijue ninachokisema. Halafu mnatuma gari lenye neno KISUKARI ubavuni, herufi kubwa kama za duka la jumla, linaegeshwa mlangoni kwangu! Tangu siku hiyo nikienda kununua mkate, mwenye duka ananiuliza kama nimeruhusiwa.

5. Nilipoleta malalamiko haya kwa mdomo, nilisubiri dirishani saa ya chai. Niliona kwa macho yangu wasomi wanne wa jeni, kila mmoja na vijiko vitatu vya sukari na mandazi mawili, na mmoja alirudia. Hao ndio walionihukumu.

Kwa hivyo naomba hivi. Msinihamishe mimi, hamisheni mstari. Mkiandika kwamba ugonjwa unaanzia kumi na mbili, nitarudi kundini kwangu, na asubuhi hiyohiyo mtakuwa mmeponya nusu ya Ruiru na Thika yote bila kidonge. Mkiweka kumi na tano, Kalimoni nayo itapona. Mkipandisha hadi thelathini, ugonjwa utaisha Kenya, nami niko tayari kusimama kando yako mkipigwa picha.

Nisalimie Sista Janice, wasomi wote wanne pamoja na yule aliyerudia mandazi, Gachau wa langoni, na friji inayolala na damu yangu. Hata mashine mwambieni sina kinyongo nayo.

Ni mimi, mzima wenu wa daima,
Nicanor Odongo (047)

N.B. Benta amerudi leo kutoka Ugenya, alikokuwa akimuuguza mamake tangu Krismasi. Nimempa barua hii anirekebishie Kiswahili. Amecheka hadi akashika meza, alipofika namba tatu akaacha kucheka. Daktari, kadi zile tatu ni damu yake. Mimi nikiona sindano hutoka nje, basi yeye alikuwa akinitolea kidole, tukaona ni mapenzi tu. Januari hii hakuwepo, nikafumba macho nikajidunga mwenyewe. Mashine yenu haikukosea hata herufi. Baba yangu alikatwa mguu kwa ugonjwa huu, na miaka yote nimeogopa kujua. Siku hizi nina kiu isiyoisha na macho yanaona ukungu, na Benta ameyajua hayo leo, kwa kuniuliza mara moja tu. Futeni malalamiko yote. Jumatatu saa moja asubuhi tutakuwa langoni, mimi, yeye na wasichana, sote bila kula. Benta anasema msitupatie kadi, mnitoe damu mkononi mbele yake. Anasema hatanitolea hata tone, atanishika tu bega. Nimemwomba alishike kwa nguvu.