Ndege Wanaopiga Mbizi

Jumatatu, 6 Mei

Asubuhi njema. Nimefungua duka, nimefagia, nimemfuta Bibi vumbi. Bibi ni kile kiwiliwili cha kujaribishia nguo, hakina kichwa wala mikono. Marehemu mke wangu alikijaza matambara mwenyewe, hapa kidogo, pale kidogo, mpaka kikalingana na mwili wake. Wateja wanauliza kwa nini magauni yetu ya dirishani yana kiuno kipana namna ile. Siwajibu. Ni kiuno kizuri.

Habari kubwa: amepita Mama Kwaya, kiongozi wa kwaya ya wanawake. Wanataka sare mpya. Jumamosi atatazama gauni moja la mfano kutoka kwetu, na moja kutoka kwa Bwana Mitindo, yule wa ng'ambo ya barabara mwenye sanamu tatu za dirishani, zote zina vichwa. Duka litakalompendeza litashonea kwaya nzima.

Nikafurahi. Kisha shemeji akanikalisha chini. Shemeji ni mdogo wake marehemu. Tangu dada yake atutoke, yeye ndiye anayeshona. Mimi nauza, napiga pasi na kubuni mipango. Akasema Bwana Mitindo amemwita akashone kwake. Hajakubali, hajakataa. "Shemeji, mimi nakuheshimu," akasema, "lakini cherehani haishoni hewa." Tukiikosa kazi ya kwaya, atavuka barabara.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nina mpango. Akafumba macho kidogo, kama mtu aliyeguswa jino bovu.

Kweli sina mpango. Nilijaribu kulifikiria duka hili bila sauti ya cherehani. Nikaona heri nichemshe chai kwanza.

Jumanne, 7 Mei

Mpango umepatikana. Upelelezi! Nikijua Bwana Mitindo anashona gauni gani, sisi tutashona zuri zaidi.

Nikavaa kofia ya pama, miwani myeusi na koti la mvua, ingawa jua lilikuwa linawaka. Nikazunguka nyuma ya soko ili nionekane natokea mbali. Nikaingia dukani kwake nikichechemea kidogo. Hilo la kuchechemea nilibuni palepale mlangoni, nikalipenda.

Bwana Mitindo akainua kichwa, akasema karibu jirani, na pole na mguu.

Nikanywea. Ikabidi nieleze kuwa mguu umepona ghafla. Akafurahi kwa ajili yangu. Akaniletea kiti. Akanionyesha mikanda mipya, akanipima kiunoni kwa mikono yake, akasema rangi ya kahawia inanipa heshima. Kijana yule anajua kuuza. Gauni sikuliona hata pindo lake.

Nimerudi na mkanda. Ni mrefu kiasi, mwisho wake unafika mgongoni. Shemeji aliutazama, akachukua msumari na nyundo, akautoboa tundu bila kuuliza. Wakati wote huo alikuwa akitikisa mabega. Nadhani alikuwa anacheka. Ni muda mrefu hajacheka humu ndani, kwa hiyo siwezi kusema siku imepotea.

Jumatano, 8 Mei

Mpango wa pili. Mama Kwaya hupita barabara hii akienda kazini. Akilikuta duka limechangamka, atajua tunafaa. Sasa duka letu ni zuri ila limetulia mno. Nguo zinaning'inia kama watu waliosinzia kwenye mkutano.

Nikaleta feni kutoka nyumbani. Nikaiweka nyuma ya mitandio pale mlangoni, nikaiwasha. Maajabu! Mitandio yote ikaanza kupunga, kama inaita watu. Wawili wakasimama. Mmoja akatabasamu. Nikaona nikikaza mwendo wa feni atasimama na wa tatu.

Mtandio wa zambarau ukang'oka kwenye henga. Ukapaa. Ukavuka barabara juu ya kichwa cha mwendesha baiskeli, ukatua kwenye sanamu ya Bwana Mitindo aliyokuwa ameitoa nje kuipangusa. Ukaikaa shingoni vizuri sana, lazima niseme kweli. Kabla sijavuka, mama mmoja alikuwa ameshaununua.

Baadaye Bwana Mitindo akaja mwenyewe kunikabidhi pesa yangu. Akasema ameuza kwa niaba yangu, na kama ninayo mingine kama ule nimpelekee. Mtu akikudhulumu unajua la kumwambia. Huyu ananitendea wema kila siku, nimeishiwa maneno.

Shemeji ameniomba feni irudi nyumbani. Gauni lake la mfano limekamilika: kitambaa cha kijivu, kola nyeupe, mshono umenyooka kama mstari wa daftari. Amelivika Bibi. Ni safi. Lakini nimelitazama kutwa nzima, na nasikitika kusema, ukilitazama sana unaanza kuhisi una miadi na meneja wa benki.

Alhamisi, 9 Mei

Shemeji ameenda kumwona mama yao mdogo, anaumwa miguu. Aliniachia agizo moja: nisiguse mkasi.

Nikakaa. Nikauza vifungo. Nikakaa tena. Macho yakapanda rafu ya juu, kwenye jora la kitambaa cha ndege.

Hilo jora alilichagua marehemu kwa muuza jumla, safari yetu ya mwisho pamoja. Ndege wa buluu kwenye rangi ya maziwa, wote wanaruka kwenda juu. Alinizungusha maghala manne siku ile, na lilikuwa ndilo la kwanza tuliloonyeshwa. Hakuwahi kulikata. Mimi kazi yangu imekuwa kulipangusa na kulirudisha.

Wazo likanijia lenyewe: hawa ni waimbaji. Waimbaji na ndege! Nani atavaa kijivu ilhali anaweza kuvaa ndege?

Nikapiga moyo konde. Nikalitandika jora mezani. Kutandika ndiyo kazi yangu, miaka yote nilikuwa natandika mimi, marehemu anakata. Nikaweka juu yake karatasi zake za vipimo, shingo, mgongo, mikono, nikachora kwa chaki, nikakata. Mkasi wake mzito unaimba ukikata kitambaa. Nilikuwa nimesahau sauti ile. Yeye alikuwa anashika pini mdomoni na bado anazungumza, na mimi nilikuwa naelewa kila neno. Watu wengine walidhani anakohoa.

Nimekata vizuri. Sijapinda hata mahali pamoja. Nimevifunga vipande na kuvificha chini ya meza. Itakuwa zawadi. Shemeji atalia kwa furaha.

Ijumaa, 10 Mei

Amelia, ila tuanzie mwanzo.

Nimewahi kufika. Nikaona kabla shemeji hajaja nilinyooshe lile la kijivu, maana hata zawadi isiponoga, tusionekane hatukujitayarisha. Pasi ikapata moto. Nikaanzia kifuani. Mara Bwana Mitindo akanipungia mkono kutoka ng'ambo, akauliza mkanda unaendeleaje. Siwezi kumjibu mtu kwa kupiga kelele barabarani, si adabu. Nikatoka mlangoni, tukazungumza habari ya mkanda. Alikuwa anaeleza namna ya kuupaka mafuta niliposikia harufu.

Alama ya pasi, kifuani, kubwa kama jani la mgomba changa. Nikajaribu kuifunika kwa ua la kitambaa. Ua moja halikutosha. Nilipofika la tano, gauni lilikuwa limefanana na kaburi la mtu maarufu. Hapo ndipo shemeji alipoingia.

Nikamwambia kwa bahati nzuri tuna akiba, nikavuta vipande kutoka chini ya meza, nikavipanga mbele yake.

Akavitazama. Akainama, akatazama tena. Akaniuliza kwa upole kwa nini ndege wote wanapiga mbizi.

Nikatazama mimi. Kweli. Shingo ya gauni iko huku, vichwa vya ndege viko kule kwenye pindo. Ndege wote, mbele, nyuma, hata mikononi, wanaelekea ardhini kama wameona punje.

Nikasema haiwezekani, nilitandika sawasawa kama siku zote. Akaniuliza nilisimama wapi. Nikamwonyesha: hapa, upande wa mlangoni, mahali pangu. Akauliza nilitandika kuelekea wapi. Nikamwambia kuelekea upande wa dirishani, ili kitambaa kimkae sawa anayeka...

Sikuimaliza sentensi. Nilikuwa nimemtandikia marehemu. Kisha nikachukua mkasi nikakata kutoka upande wangu. Na ndege wale niliona wako kichwa chini, lakini kwangu vitambaa vyote siku zote huwa kichwa chini. Sura yao halisi iko ng'ambo ya meza.

Shemeji akageuka, akajifanya anatafuta uzi. Ndipo alipolia, kidogo tu. Mimi nikajitia hamnazo, nikahesabu vifungo ambavyo havikuwa na haja ya kuhesabiwa.

Nilidhani atakata upya. Jora bado lilikuwa nene, na asubuhi ilikuwa mbichi. Akasema muda hautoshi. Tukajua wote wawili kwamba unatosha. Akaweka pini mdomoni, akaanza kuunganisha ndege wangu jinsi walivyo. Akasema kitu kupitia zile pini. Nilielewa. Alisema nilete chai.

Jumamosi, 11 Mei

Sikupata usingizi wa maana, ila nilikuwa na mpango. Nitamwambia Mama Kwaya kwamba ndege wa kichwa chini ndiyo mtindo wa kisasa, kwamba miji yote mikubwa watu wameshaacha ndege wa kichwa juu. Nikaufanyia mazoezi mbele ya Bibi. Bibi hakupinga.

Mama Kwaya alianzia kwa Bwana Mitindo. Akakaa huko muda mrefu. Kupitia dirishani nikaliona gauni lake: zambarau, limelala vizuri, halina kosa. Moyo ukashuka mpaka kwenye mkanda.

Akaja kwetu. Nikaanza kuhusu miji mikubwa. Shemeji akanikata jicho, akanikata na maneno. Akamwambia mama wa watu ukweli: "Shemeji yangu amekosea kukata. Alisimama ng'ambo ya meza. Ukitukubali, zenu nitazikata mimi, na ndege watasimama." Hakueleza zaidi, nami sikuongeza.

Mama Kwaya akalishika gauni. Akaomba alivae. Akaingia nyuma ya pazia, nikasikia anahema, maana mabegani lilimbana. Vipimo ni vya mtu mwingine. Akatoka mikono imemkaa kama ya askari kwenye gwaride. Akajitazama kwenye kioo, akakunja uso. Mimi nikaanza kulitazama duka kama mtu anayeaga.

Kisha akainamisha kichwa, kama anavyofanya mtu mwenye kitabu cha nyimbo mkononi. Akasema, "Haya! Kumbe kwangu mimi wamesimama."

Tukasogea. Kweli, ukiwa ndani ya gauni, ukitazama chini, ndege wote wako sawasawa, wanaruka kutoka kifuani kwako kwenda mbele, vichwa juu. Mama Kwaya akaanza kucheka. Akasema miaka yote anavaa nguo ili wengine waone, yeye haoni ila viatu vyake.

Akaamua hapohapo. Kwaya nzima ndege wa kichwa juu, wakatwe na shemeji, na mabega yapimwe upya. Ila la kwake libaki hivihivi, lipanuliwe tu. Kiongozi lazima ajulikane, akasema. Akaniuliza, baba, hili nalo ulilipanga? Nikafungua mdomo. Shemeji akanikanyaga mguu. Ni ule niliokuwa nikichechemea nao Jumanne, sasa sitahitaji kubuni.

Alipoondoka, Bwana Mitindo akavuka kutupongeza. Akamwambia shemeji kiti chake bado kipo. Shemeji akamjibu ahsante sana, kaka, lakini akiniacha peke yangu na pasi mtaa mzima utaungua. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika.

Jumapili, 12 Mei

Nimepumzika. Nimepaka mkanda mafuta.

Jumatatu, 13 Mei

Tumeanza kazi ya kwaya. Muuza jumla bado ana majora mengine ya ndege walewale. Nimetandika kutoka upande wa mlangoni kama kawaida yangu. Shemeji alisimama kidogo, kisha akazunguka meza, akaenda upande wa dirishani, akachukua mkasi mzito. Ndege wakasimama mbele yake. Cherehani inaimba tangu asubuhi. Bibi amevaa kola mpya. Sina la kudai.

Nimeahidi mbele ya mashahidi wawili, shemeji na Bwana Mitindo, kwamba mipango basi. Nimeridhika. Mtu wa umri wangu anatakiwa kutulia.

Isipokuwa lile gauni la kijivu lililoungua. Leo nimeliweka mwangani, nikatoa yale maua, nikaitazama vizuri ile alama. Ni jani kabisa! Jani zuri, lenye ncha, la rangi ya kahawia inayonipa heshima. Sasa ukiweka jani moja kifuani ni ajali. Lakini ukiweka majani kuzunguka pindo lote, na mengine mawili mabegani, ni mtindo. Bwana Mitindo na sanamu zake hawana kitu kama hicho.

Shemeji ameenda kununua uzi. Ameniambia nisiguse mkasi.

Kuhusu pasi hakusema kitu.