Tyubu Kumi na Mbili za Joanitha

Jumatatu, 3 Februari 2025. Muleba.

Miezi minane na siku nne tangu Joanitha ahamishiwe Bukoba. Stuli yake bado ipo pale dirishani. Haikaliwi. Avit, dereva wetu, alijaribu mwezi wa kumi na moja, nikamwambia ina mguu mbovu. Haina.

Leo barua imekuja kutoka kwake! Si kwangu. Kwa maabara. Lakini sahihi ni yake, na ile J yenye mkia mrefu niliitazama hadi Mama Vestina, mkuu wetu, akaninyang'anya karatasi.

Barua ni ya ule utafiti wake wa bakteria wanaojenga utando. Nieleze hapa, ili siku nikifa watakaosoma wajue nilikuwa mtu wa kazi. Mgonjwa akikaa na mpira wa mkojo siku nyingi, bakteria wanang'ang'ania ndani ya mpira, wanajifunika utando wa ute, wanatulia humo. Dawa inapita juu. Homa inashuka, homa inarudi. Kuwanasa, unawaotesha siku nzima kwenye tyubu yenye supu ya maabara, kisha unamwaga, unasuuza, unatia rangi ya zambarau, unasuuza tena. Duara la zambarau likibaki kwenye kioo, utando upo. Kioo kikibaki cheupe, haupo.

Hospitali yetu haijapata duara hata moja tangu Novemba. Mama Vestina anajisifu hadi kanisani. Nami nina sehemu yangu katika sifa hizo, maana kuosha ni kazi yangu. Kila Alhamisi namwaga supu, nasugua kila tyubu kwa brashi na sabuni mpaka inalia, ndipo natia rangi. Kagera nzima hakuna tyubu zinazong'aa hivi.

Sasa barua inasema hivi: hospitali itakayopata utando, Joanitha atakwenda mwenyewe kuhakiki, siku mbili. Isiyopata itapewa shukrani kwa simu. Shukrani kwa simu! Kumbe usafi wetu ndio unaomzuia asije.

Jumanne, 4 Februari

Kila Ijumaa Avit hupeleka sampuli Bukoba kwa gari la hospitali. Anarudi na habari kama mtu aliyetoka hija. Joanitha amesuka. Joanitha amenunua miwani. Joanitha amecheka sana. Alichekea nini? Avit anasema amesahau. Hajasahau, anabana.

Mpango wa kwanza: jino. Nilimwambia Mama Vestina jino linaniua, na kwamba kwa aina ya maumivu yenyewe ni lazima nionwe Bukoba, ikiwezekana Ijumaa, hata kwa gari la sampuli nitajibana. Alinihurumia sana. Akanishika mkono mwenyewe, akanipeleka chumba cha meno, korido ya pili kushoto.

Daktari akauliza ni lipi. Nikaonyesha moja, nikidhani ataangalia tu. Saa nne na robo halikuwepo tena.

Lilikuwa zima. Yeye mwenyewe alisema hajaona jino zuri hivyo mwaka huu, akanifungia kwenye pamba nikae nalo.

Jumatano, 5 Februari

Mpango wa pili. Huu una sayansi ndani yake.

Mwongozo wa Joanitha unasema supu itiwe glukosi, kwa kuwa bakteria wakipata sukari hujenga utando vizuri zaidi. Kopo letu la glukosi limeisha tangu Krismasi. Stoo wanasema linakuja. Basi jana jioni nilikwenda Kamachumu kwa mama, nikijua amekamua omuramba, maji ya ndizi mbivu, kwa ajili ya harusi ya jirani. Sukari tupu ile! Nikaomba chupa moja. Mama akauliza kama ni ya mwanamke. Nikasema ni ya kazi. Akasema basi ni mwanamke, akaniongezea ya pili.

Asubuhi nilipita wodini kuchukua sampuli. Kitanda cha sita yupo Mzee Rutaihwa, mkulima wa kahawa kutoka Kagoma. Wiki tatu ana mpira na homa isiyomwacha. Amekonda. Aliuliza tena lini atarudi nyumbani, nani anamsafishia migomba. Nikamwambia karibuni, waitu, mzee wetu. Akasema hiyo karibuni yangu ameisikia mara tisa. Alisema akitabasamu, lakini alikuwa anatetemeka.

Mchana nikapanda sampuli kumi na mbili. Kila tyubu matone matano ya omuramba. Kulikuwa na ya kumi na tatu, ile ya kulinganishia, isiyotiwa bakteria yeyote. Kazi yake ni kukaa nyeupe, itushuhudie kwamba hatujachafua kitu. Nayo nikaitia matone matano. Sikufikiri. Kwetu ukianza kumimina omuramba humruki mtu, hata kama ni yule uliyegombana naye.

Alhamisi, 6 Februari

Zambarau! Zote! Kumi na mbili kwa kumi na mbili! Safari hii sikutumia brashi, nikiogopa kuondoa sukari yangu.

Mama Vestina alikaa chini. Akauliza kama nina hakika. Nikamwonyesha tyubu kwenye mwanga wa dirisha.

Tatizo dogo. Ile ya kulinganishia nayo ni zambarau. Ndiyo zambarau kuliko zote. Niliitia mfukoni mwa koti kabla hajaiona.

Saa nane simu ya maabara ikalia, nikapokea mimi. Joanitha! Nilikuwa nimesahau anavyovuta pumzi kidogo kabla ya kusema jina la mtu. Alisema matokeo ya namna hiyo hajawahi kuyaona. Akauliza ya kulinganishia ikoje. Nikasema nyeupe. Akasema Jumamosi yuko kwetu.

Nimefuta stuli. Nimeifuta mara mbili. Namkumbuka mpaka kifua kinauma, na safari hii maumivu ni ya kweli.

Ijumaa, 7 Februari

Avit hana safari leo, kwa kuwa Bukoba inakuja kwetu. Amekunja uso. Hata hivyo saa sita alitoroka akaenda kunyoa. Nilimwambia kichwa chake sasa kinaonekana kidogo. Alikwenda kujitazama kwenye kioo cha choo, akakaa huko muda.

Kwenye droo yangu kuna pakiti ya akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, tunayompa mgeni akishakaa. Ni ya Joanitha. Aliisahau siku anaondoka. Alipenda kuitafuna barazani tukimaliza kazi, akisimulia habari za kwao Kaagya, nami nikikubali kila kitu. Miezi minane sijaonja hata punje.

Mama Vestina hakwenda mazoezi ya kwaya. Nilimkuta peke yake akisoma daftari la majibu tangu Novemba, ukurasa kwa ukurasa, kidole kikifuata mstari. Aliniuliza tumekosea wapi. Nikasema bakteria ni wajanja. Halafu nikatoka haraka.

Jumamosi, 8 Februari

Alifika saa tatu. Miwani ni kweli. Inampendeza mno.

Alikaa kwenye stuli yake bila kuuliza. Nilikuwa nimeandaa maneno. Nikasema barabara ilikuwaje. Akasema nzuri. Nikasema afadhali. Hayo ndiyo maneno ya miezi minane.

Kisha akatazama koti langu. Doa la zambarau, upana wa sahani, lilikuwa limetokeza mfukoni. Siku mbili tyubu ile ilikuwa inavuja, nami sikuona! Akaingiza mkono, akaitoa, akasoma lebo. Akainusa. Mtu wa Kaagya hawezi kukosa harufu ya omuramba.

Hakugomba. Ningependa angegomba. Aliniambia tu nirudie kazi yote mbele yake, kama ninavyofanya kila wiki, kwa sampuli zilizobaki kwenye friji nikianza na tyubu za akiba nilizozipanda juzi, ambazo supu yake sikuwa nimeimwaga. Nikaona hapa sasa ndipo pa kujikomboa. Nikamwaga supu kwa madaha. Nikachukua brashi yangu, nikatia sabuni.

Akanishika kifundo cha mkono. (Kulia. Sijakinawa.)

Akauliza hiyo brashi ni ya nini. Nikasema ni ya usafi. Akauliza tangu lini. Nikasema tangu siku ya kwanza, Novemba. Akaniachia mkono, akageukia dirisha. Alipozungumza alizungumza polepole, kama anavyozungumza na wagonjwa. Utando ndio ule unaonata kwenye kioo. Ndio tunaoutafuta. Nami kila Alhamisi nimeusugua wote kwa sabuni, kisha nikatia rangi kutafuta kama upo.

Mama Vestina alikuwa mlangoni. Alisikia kila kitu. Alitaja jina moja tu, Rutaihwa, akatoka.

Wiki tatu. Mzee ametetemeka wiki tatu, na jibu lake nililimwaga kwenye karo mara tatu kwa mkono wangu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Halafu likaja wazo jingine, nikazidi kujichukia kwa kuliwaza: Joanitha alikuwa na sababu ya kuja tangu Novemba.

Joanitha amekuja na glukosi yake. Tumepanda upya. Nimesuuza kwa maji tu.

Jumapili, 9 Februari

Ya kulinganishia: nyeupe. Tyubu nane: nyeupe. Nne zina duara, na nene kuliko zote ni ya kitanda cha sita. Daktari alimtoa Mzee Rutaihwa ule mpira asubuhi ile ile, akambadilishia dawa. Nilikwenda kumwomba radhi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kosa ni langu ila migomba ni yake, kwa hiyo nikipata nafasi nikaisafishe mimi. Nilikubali.

Mchana Joanitha alifungasha. Aliniambia sasa nimeshika kazi vizuri, hana haja tena ya kuja kuhakiki. Nitakuwa namtumia majibu kwa simu.

Nikampa pakiti yake. Akaitambua! Tulisimama barazani, akatafuna punje moja, akanipa moja. Imechacha kidogo. Ni kahawa bora niliyowahi kula.

Gari lilipowashwa akashusha kioo. Akasema, "Ildefons, ungenipigia tu ukaniambia njoo. Ningekuja." Hakucheka aliposema. Avit, akiwa kwenye usukani, alitazama mbele kwa bidii.

Nilibaki barazani hadi vumbi likatua.

Jumatano, 12 Februari

Mzee Rutaihwa hana homa siku ya pili sasa. Ijumaa anarudi Kagoma, na Jumamosi nakwenda na panga. Brashi nimeitundika msumarini, mbali na tyubu. Mama Vestina ananisalimia tena, ingawa kwa ufupi.

Leo jioni nilichukua simu. Namba ya Joanitha iko juu kabisa. Nilikaa nayo mkononi nusu saa, nikayarudia maneno yake yote, nikayapima. Ungenipigia tu. Tu! Mtu anampigiaje mwanamke wa namna ile hivi hivi, bila sababu ya maana? Akipokea nitasema nini? Njoo? Na akija je? Hapana. Jambo kubwa hivi linataka mpango.

Nikairudisha simu mfukoni.

Nimeulizia chumba cha meno. Daktari wetu ameanza likizo, mwezi mzima! Wagonjwa wote wa meno wanapelekwa Bukoba. Nimeshamwambia Mama Vestina kwamba maumivu yamehamia upande wa kushoto, na Ijumaa nakwenda na gari la sampuli. Nimechagua la juu, la tatu kutoka mbele. Ni zima kabisa.