Mkurugenzi Aliyekonda Matete

Umma unatangaziwa kwamba katika himaya yote ya Kurugenzi ya Mizani Nyoofu, kutoka Lurambi hadi Likuyani, hakuna mizani hata moja inayodanganya. Aliyesema hayo ni Mkurugenzi mwenyewe, Bwana Protus Makhanu, na aliyasema akiwa amesimama juu ya kiti, ili ukweli uonekane hata na walio nyuma.

Kwa ajili ya ukweli huo, Makhanu alikuwa anakwenda Mombasa kupokea Tuzo ya Kipimo cha Haki. Na mtu wa haki haendi kupokea tuzo kwa basi.

"Chelimo," alimwambia katibu wake, "nikodishie jeti."

Chelimo hakuwa amewahi kukodi hata baiskeli, lakini alipiga simu, akaweka spika.

"Uwanja wenu wa Kakamega ni mfupi," alisema dada wa kampuni ya ndege. "Nitumieni kilo za kila abiria."

Makhanu aliruka. "Kilo? Anatununua ama anatubeba?"

"Ndivyo wanafanyanga, bosi. Uzito ukizidi, haipai."

Mkurugenzi alilishika tumbo lake kwa mikono miwili. Kilo zake zilikuwa siri ya ofisi. Kisha akakumbuka kwamba mwenye mizani ni yeye. Papo hapo likaitishwa Zoezi Rasmi la Upimaji wa Ujumbe kwenye ghala la Kurugenzi kule Matete, juu ya mizani ile ile inayopimia mahindi ya wakulima, yenye muhuri na sahihi yake. Wakulima waliokuwa kwenye foleni na magunia yao wakaombwa wasogee, maendeleo yapite.

Makhanu akapanda. Mshale ukatetemeka, ukatulia kwenye tisini.

"Tisini!" Mwaka jana daktari alimwambia mia moja na ishirini, naye akamwita mchochezi. Sasa alishuka akizungusha kiuno, akakaza mshipi tundu moja, pumzi ikakatika. "Sayansi imesema! Chelimo, niagizie obusuma na ingokho, ugali na kuku wa nguvu. Nimekonda vibaya."

Kila aliyepanda alikonda. Dereva alikonda. Mhasibu, ambaye huingia ofisini kwa ubavu, alikonda hadi akataka kumpigia mkewe simu. Kwa kilo zilizookolewa, ujumbe ukaongezwa mashemeji wawili, mpiga picha na majogoo wa zawadi.

Ikabaki nafasi ya Mkulima Aliyeridhika, maana waandaaji wa tuzo walitaka shahidi. Makhanu alimteua Mama Sellah wa Likuyani, aliyekuwa pale kwenye foleni na ambaye hajawahi kuridhika. Kila msimu alipima mahindi yake nyumbani, na kila msimu magunia manne yalifika Matete yakawa matatu. "Mizani yenu inakulanga jasho langu," alizoea kusema. Makhanu alipiga hesabu yake: mtu akikalia kiti cha ngozi huko mawinguni, atalalamikia nini tena?

Mama Sellah alimtazama Mkurugenzi akicheza kando ya mizani. "Mzee," alisema, "umekonda kama gunia zangu."

Makhanu akamshukuru kwa pongezi.

Siku ya safari, ng'ombe walifukuzwa uwanjani na kwaya ikapangwa mahali pao. Wakulima walijaa kwenye ua wa uwanja. Rubani, Kapteni Cheruiyot, alishuka na mizani ndogo mkononi.

"Kawaida tu, mheshimiwa. Napima tena kabla ya kupaa."

Makhanu akapanda kwa madaha. Mia moja na ishirini. Mashemeji nao wakanenepa pale pale. Mhasibu akanenepa kuliko wote.

Cheruiyot alitazama karatasi ya vipimo vya Matete, akatazama tumbo. "Hapa kuna mizani inayodanganya. Kama ni yangu, pandeni wote twende. Kama ni yenu, tutatua kwenye miwa ya watu pale mbele."

Kwaya ikaacha haleluya katikati, ikasogea kusikiliza. Makhanu aliitazama ile miwa. Akiikana mizani yake, hakuna tuzo. Akiitetea, hakuna Makhanu.

"Mizani yake haidanganyi!" Sauti ilitoka ndani ya jeti. Mama Sellah alikuwa ameshafunga mkanda, kuku wake magotini. "Ametangaza mwenyewe. Panda twende, mzee, tunachelewa!"

Mashemeji wakakumbuka kwamba wana matanga. Makhanu akaweka mguu kwenye ngazi. Akauondoa. Akauweka tena. Chelimo akasogeza simu karibu, kwani kwa amri ya Mkurugenzi mwenyewe shughuli nzima ilikuwa inarushwa mubashara.

"Huenda," alisema Makhanu, "mizani ya Matete ina... unyenyekevu kidogo."

"Inakula?" aliuliza Mama Sellah.

"Inapunguza."

"Nimeuliza, inakula?"

Upepo uliitikisa miwa. "Inakula, mama."

Kule kwenye ua wakulima walipiga kelele hadi majogoo wakatoroka. Ujumbe ukapungua ghafla, ukabaki shahidi mmoja na kuku wake, wepesi kabisa, na jeti ilikuwa imeshakodiwa. Cheruiyot akaanza kuvuta mlango. Mama Sellah akachomoza kichwa.

"Mzee! Kilo zako zimerudi. Zangu zinarudi lini?"