Bunduki Inayofuata Kijicho

Jumapili, 2 Agosti 2026. Kilosa.

Nimenyang'anywa benchi. Tena na mchunga ng'ombe.

Benchi ni la Mama Yunis, fundi cherehani, mjane wa katekista wa Mamboya. Liko barazani kwake na linachukua watu wawili. Tangu Pasaka mtu wa pili ni mimi. Leo nimetoka ibadani, nikachelewa kidogo nikimsengenya mzee wa kanisa, kufika barazani Shimba amekaa! Shimba huyu aliyehamia Rudewa na ng'ombe wake kutoka kanda ya ziwa. Shati limepigwa pasi, kola inaweza kukata nyanya. Mimi nimepewa ndoo iliyopinduliwa.

Chanzo ni mjukuu wangu Lightness. Yuko likizo ya chuo, ametuletea mchezo. Hauna ubao wala kete, una karatasi, dadu na maneno. Yeye anasimulia mji wa mwaka 2090, kila mmoja wetu ana mtu wake ndani ya mji, tunasema anafanya nini, dadu inaamua kama ameweza. Mji ni Mikumi. Maghorofa mpaka mawinguni, na Kampuni imefungia mvua mnarani, inaiuza kwa kikombe. Sisi ni wa kuikomboa. Mtu wa Mama Yunis ni tabibu. Wangu ni dereva wa lori, nilidhani tabibu atapanda mbele. Kumbe tabibu anakaa karibu na mlenga shabaha, ili amtibu akijeruhiwa. Mlenga shabaha ni nani? Shimba. Ana bunduki smati.

Nikauliza bunduki smati ndiyo ipi, imechomekea? Lightness akasema hapana Babu, imeunganishwa na ubongo. Mama Yunis akacheka mpaka akamwegemea Shimba bega. Kichekesho changu, bega la Shimba. Haki iko wapi?

Jumatatu, 3 Agosti.

Nimemmenyea Lightness mihogo yote. Nikamwita mke wangu, kama babu anavyopaswa. Akauliza leo mumewe anataka nini. Nikasema nataka bunduki kama ya Shimba.

Amenieleza. Unapasuliwa, unapitishiwa waya mwembamba chini ya ngozi, kutoka kiganjani hadi shingoni, unaingia kwenye ubongo. Jichoni unapandikizwa kioo. Ukishika bunduki, kitako kinagusana na kiganja, nayo inakuwa kama kidole chako cha sita. Unaona nukta nyekundu pale risasi itakapotua. Hufumbi jicho, hubani pumzi. Dadu zako zinaongezewa nne, bure. Na risasi inapinda kona kukifuata ulichokikusudia.

Nikauliza, mtu akielekeza mtutu huku na moyo uko kule? Akasema hapo ndipo wengi wanapoharibu, maana bunduki haiujui mkono, inamsikiliza mwenye kichwa. Akaendelea kueleza. Mimi nilikuwa nimeshafika kwenye benchi.

Malipo ni alama za utu. Kila chuma kinachoingia mwilini kinapunguza utu wa mtu wako. Wangu alikuwa nazo kumi. Waya na kioo vimekula tisa. Lightness akaniuliza kama sioni hasara. Nikamwambia utu wenyewe nilikuwa siutumii.

Kile kioo kina jina refu la Kizungu. Mimi niliishia la saba, tena kwa kusukumwa. Nimekipa jina langu. Jicho dogo ni nini? Kijicho. Nimeandika juu ya karatasi yangu kwa herufi kubwa: RAFAELI ANA KIJICHO. Imependeza.

Jumanne, 4 Agosti.

Haikupendeza.

Mama Yunis ameisoma kwa sauti, barazani, mbele ya Shimba. Akaniuliza kama haya ni maungamo nimeyaleta mwenyewe, au mchungaji kanitoza. Nikajieleza kwamba ni jicho dogo tu. Akasema ndiyo, baba, ndilo hilohilo, kidogo lakini halilali. Shimba alicheka kwa adabu, mkono mdomoni. Ningependelea acheke vibaya.

Nimegoma kubadilisha jina.

Jumatano, 5 Agosti.

Mazoezi. Lightness alisema silaha na ubongo viwe kitu kimoja. Nimechukua manati, nikafunga uzi wa cherehani kutoka kwenye panda lake hadi sikioni kwangu. Nikaweka kopo juu ya uzio. Nikalikazia macho. Kwa kweli nilianza kulisikia lile kopo.

Hapo akapita Shimba, na dumu la maziwa. Anapeleka kwa nani? Mtaa mzima una fundi cherehani mmoja.

Nakiri mtutu ulikuwa kwenye kopo. Jiwe limetoboa dumu. Maziwa yakamlowesha Shimba kifua kizima. Nikasubiri anitukane ili nami nijitetee. Akanipa pole! Eti pole mzee mwenzangu, hawa ndege wanasumbua kweli shambani. Hakuna mtu anayeudhi kama mtu asiyekasirika.

Mama Yunis akatoka. Akauliza uzi wa sikioni ni wa nini. Nikasema dawa ya jino. Akamvua Shimba shati, akalifua, akalianika. Mchana kutwa Shimba amekaa benchi la Mama Yunis, kifua wazi, amejitupia khanga yake mabegani. Kwa jiwe langu mimi.

Jumamosi, 8 Agosti. Nane Nane.

Wenye nauli wamekwenda Morogoro kwenye maonyesho. Sisi tumevamia mnara.

Mlangoni kulikuwa na nyani wa chuma, mrefu kama mnazi. Amemkamata tabibu wa Mama Yunis kiunoni, anampandisha juu. Mtu wa Shimba alifyatua, dadu zikamkataa. Nilifurahi kiasi, nikaficha. Zamu yangu. Lightness akasema Babu, ni wewe tu uliyebaki. Mama Yunis akanitazama. Akaniita Rafaeli, hivihivi bila mzee, akasema usiniache nife kwa nyani.

Ni muda mrefu sijatazamwa hivyo. Nikatangaza kwamba atakayemshusha nyani atakaa benchi wiki nzima. Wakakubali wote, Shimba wa kwanza. Nikachanganya dadu. Upepo wa kipupwe ukavuma, na nikamwona Shimba anavua koti lake anamwekea Mama Yunis magotini. Taratibu. Kama anafunika mtoto. Mama Yunis akasema asante, naye akajibu kwa Kisukuma chake, wabeja, yaani asante na wewe.

Nikarusha. Sita na sita! Nikasimama, ndoo ikaanguka. Nikadai benchi langu.

Lightness akasema ngoja kwanza. Kwa bunduki ya waya lazima mtu aseme ukweli: wakati dadu zinatoka mkononi, alikuwa anamtazama nani? Nikasema nyani. Mama Yunis akasema Rafaeli, wewe ni mwana wa misheni, sema mbele za Mungu. Nikasema nyani, kwa mbali. Akauliza na kwa karibu?

Akajibu Shimba mwenyewe, kwa upole wake ule: alikuwa ananitazama mimi.

Basi risasi yangu ikamwacha nyani mnarani, ikapinda kona, ikapita chini ya lori langu mwenyewe, ikampiga mtu wa Shimba begani. Haikukosea hata unywele. Lightness anasema hajawahi kuona shabaha safi namna ile. Tabibu aliponyokaje kwa nyani? Nyani aligeuka kushangaa, akamwachia. Na tabibu kazi yake ni nini? Kutibu. Majeruhi kichwa mapajani, mpaka likizo ya Lightness iishe. Shimba amepewa benchi ili mambo yaendane.

Mimi nina ndoo. Imepata ufa.

Jumapili, 9 Agosti.

Mahubiri yalikuwa ya Kaini na Habili. Mkulima na mchunga mifugo. Mchungaji alisema wivu huanzia machoni. Maneno mazito. Nilimkazia macho Shimba tangu mwanzo hadi sadaka nione kama yanamwingia. Yeye alikuwa anamfungulia Mama Yunis kitabu cha nyimbo. Sikuona dalili ya toba.

Nikaona pia kwamba upande wa Kaini haukusikilizwa.

Baada ya chakula nimemhoji Lightness. Kosa halikuwa langu, kosa ni kuwa na kijicho kimoja. Ningekuwa na viwili, kimoja kingebaki kwa nyani. Akasema cha pili kinakula alama ya utu ya mwisho. Nikauliza utu ukiisha inakuwaje. Akasema mtu wako anageuka mashine. Hapendi, hachukii, analenga tu. Nikasema nitilie hicho.

Kisha nikauliza, kwa kupitia tu, kama mashine inaweza kukaa benchi na tabibu. Akasema hapana Babu, mashine inasimama mlangoni inalinda.

Nimefikiri sana. Shimba naye amebakiwa na alama moja.

Kesho mapema nakwenda Rudewa kumpa pole ya bega. Nitamsalimia vizuri, nitasifia ng'ombe. Halafu nimweleze, kama ndugu, faida za kuwa na vijicho viwili.