Ng'ombe wa Shangazi Jobeda

Jumanne, 3 Kartik
Kartik, mwezi wetu wa njaa kabla ya mavuno, umeingia, na habari za ng'ombe zimeingia nao! Shirika la misaada limetukalisha kitongoji kizima uwanjani kwa Moksed. Wakachora ramani yetu chini kwa pumba za mpunga, kila nyumba na kikadi chake. Kazi yetu kupanga vikadi mafungu matano, toka mwenye nacho hadi hohehahe. Fungu la mwisho, mke wa nyumba anapewa ng'ombe wa maziwa. Nikakaa karibu na fungu la mwisho. Nikakohoa. Nikautaja mgongo wangu. Moksed, ambaye hanipendi tangu bata wangu wale mbegu zake, akaropoka mbele za watu eti huyu Tofazzal fukara wa wapi, ana baiskeli yenye kengele mbili! Vicheko. Nikaapa nimeiuza. Wakanihurumia. Kikadi changu sasa kimelala chini kabisa, ubavuni mwa kikadi cha Shangazi Jobeda, jirani yangu mjane, anayeokota mpunga kwenye mashimo ya panya. Juu yake hakubishana mtu.

Dada Nasrin wa shirika kasema Alhamisi anapita nyumbani kwetu kuhakiki. Kuhakiki! Sikulitegemea neno hilo.

Jumatano, 4 Kartik
Akili ni mali. Vitu vyote vimehamia kwa Shangazi Jobeda: baiskeli chini ya mabua ya juti, mbuzi wawili, chandarua, sufuria kubwa. Nani akahakiki umaskini wa Jobeda? Hata kunguru wanaujua, hawatui kwake. Nilimwapisha asimwambie mtu kuwa ni vyangu. Akacheka. "Weka tu, mwanangu. Hapa kilichojaa ni nafasi."

Mke wangu Shahinur kagoma kuvaa sari iliyochanika. Anasema aibu nina ya kutosha watu wawili. Mwanamke hana maono.

Alhamisi, 5 Kartik
Mambo yameharibika.

Kwangu mambo yalikwenda vizuri. Dada Nasrin aliona kuta tupu, akatikisa kichwa, akaandika. Nikamsindikiza hadi njiani kwa adabu zote. Mara akageuka, akaingia kwa Shangazi Jobeda. Yallah! Kumbe wanahakiki wote, hata wanaojulikana na kunguru. Mbuzi wakamlaki mlangoni. Akafunua mabua, kengele zote mbili zikamtazama. Akauliza ni vya nani. Shangazi akaniangalia mara moja tu, halafu akasema, "Vyangu."

Aliapa, basi akashika kiapo.

Dada Nasrin akanigeukia mimi, jirani mwema, akaniuliza kama ni kweli.

Nikaitikia kwa kichwa.

Akamkata jina palepale. Niliisikia kalamu.

Ijumaa, 6 Kartik
Shangazi kaja mwenyewe kurudisha vitu. Baiskeli kaiosha. Akaomba radhi kwamba mbuzi walilia, ikabidi awape uji wake. Aniombe radhi mimi! Nikamwambia pole. Akasema ng'ombe si riziki yake, na ng'ombe mkubwa hivyo angemlaza wapi. Halafu akauliza kama kweli yule ng'ombe angekuwa na ndama.

Shahinur kaniambia neno moja kutwa nzima: "Kaseme." Ofisi ya shirika iko sokoni, mwendo wa baiskeli tu. Nimefika hadi kwenye mti wa mkwaju, nikarudi. Nikisema, na sisi tutakatwa. Lazima iwepo njia ya kumwokoa Shangazi bila kumzamisha Tofazzal.

Jumamosi, 7 Kartik
Ipo! Barua isiyo na jina. Nimeandika kwa mkono wa kushoto kwamba Jobeda ni fukara wa kweli, na vile vitu vilifichwa kwake na mtu mmoja dhalimu, jina lake Moksed. Ndege wawili kwa jiwe moja. Nikaisoma mara tatu, nikajipenda.

Jumapili, 8 Kartik
Dada Nasrin alikwenda na barua moja kwa moja kwa Moksed. Moksed hakukasirika hata kidogo. Akamleta kwangu, akaipindua baiskeli, akamwonyesha kiti. Chini yake pana ua jekundu na jina TOFAZZAL, nililolipaka kwa mkono wangu sikukuu ya Idi. Watu wakacheka mpaka wakakaa chini.

Nimekatwa. Na iwe. Nikamwuliza Dada Nasrin, basi Shangazi anarudishwa? Orodha ilifungwa jana, akasema, ikaenda mjini. "Ungeniambia Ijumaa, kaka. Neno moja tu."

Ijumaa nilikuwa chini ya mkwaju.

Jumatatu, 9 Kartik
Wageni wapya na madaftari. Hawa hawagawi kitu, wanapima kama ng'ombe wanaondoa umaskini kweli. Kwa hiyo wanahoji waliopata na waliokosa, na mwakani watarudi kuwalinganisha. Mimi na Shangazi ni waliokosa. Nilikaa mlangoni kwake kumsaidia kujibu. Unakula mara ngapi? Mara moja. Una viatu? Hana. Ukipatwa na shida, utamkimbilia nani?

"Huyu hapa," akasema, akanishika bega. "Tofazzal. Ni kama mwanangu."

Wakaandika. Jina langu limo kwenye daftari sasa, halifutiki.

Nililia nyuma ya tanuri la kuchemshia mpunga. Nimemwambia Shahinur kwamba kesho asubuhi nampa Shangazi mbuzi mmoja, yule mwenye mimba. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi kanipakulia samaki.

Jumanne, 10 Kartik
Mbuzi nilishamfunga kamba. Nikasikia kwamba baada ya mavuno shirika litafungua orodha nyingine, na watahakiki upya. Nikafikiri kwa kina. Nikimpa Shangazi mbuzi leo, si watamkuta naye? Watamkata tena! Kwa faida yake mwenyewe, nimemfungua kamba. Atapewa baadaye, mambo yakitulia.

Na safari hii sitaficha kitu kwa Shangazi, haki ya Mungu. Nimejifunza. Nimekwenda kumwuliza Moksed kama kwake pana nafasi.