Azimio la Kuwapenda Waitaliano

Kwa mamlaka aliyokabidhiwa na mkutano mkuu wa chama, na baada ya kushauriana na nafsi yake kwa kina, Mwenyekiti Nahashon alitangaza kwamba kuanzia Jumamosi ile, Waafrika Mashariki wote wa Minneapolis, Saint Paul na viunga vyake watawapenda Waitaliano.

Watu walipiga makofi. Ilikuwa Oktoba ya mwaka tisini na nne, ukumbi wa wapangaji kule New Hope ulikuwa na joto, nje hakukuwa na joto, na mtu aliyekaa penye joto hupigia makofi karibu kila kitu.

"Na Wagiriki je?" akauliza mtu wa nyuma.

"Wagiriki watashughulikiwa mwaka ujao, bajeti ikiruhusu."

Msidhani jambo hili lilizuka tu. Nahashon hakuwa mtu wa kukurupuka. Siku za kazi alikuwa naibu msimamizi wa vitoroli katika duka moja la Roseville, na wikendi alikuwa serikali. Mpwa wake Maureen, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa akiishi Saint Louis Park, alikuwa amepata mchumba, kijana wa hapohapo Minnesota aitwaye Sebastian, ambaye babu wa babu yake alitoka Italia na meli. Mwenyekiti aliposikia neno Italia hakungoja kusikia la pili. Alinunua kadi ya simu, akampigia dada yake Dinah, mama mzazi wa Maureen, kule Nakuru.

"Dada, tumepata Mwitaliano!"

Lo! Dinah naye si mtu wa kukaa na neno. Kufikia Jumapili kanisa zima lilikuwa na habari. Mwitaliano! Wale watu wanaojua kuvaa, wanaojua kupika, wanaoimba huku wakipika, wanaowalilia mama zao hadharani bila haya! Kiangazi kilekile timu yao ilikuwa imekosa penalti za fainali ya Kombe la Dunia hukohuko Marekani, na mtaani kwa Dinah watu wazima walikataa ugali kwa uchungu. Nani asingewapenda? Dinah akasema harusi ameibariki, na kwa kuwa ubalozi ulimnyima viza, kaka yake asimame badala yake. Bila neno la Nahashon, hakuna kuolewa. Basi hatima ya binti wa watu ikawa mkononi mwa Mwenyekiti, naye hakuwahi kushika kitu mkononi bila kukiundia kamati.

Ikazaliwa Kamati Ndogo ya Kuthibitisha Uitaliano. Katibu wake alikuwa Mzee Naftali, ambaye akikutana na neno refu hulikaribisha ndani na kulimiminia chai. Mweka hazina alikuwa Bi Fatimah, mwenye duka la vitenge, mzaliwa wa Malindi, mji ambao hata muuza madafu hubishana bei kwa Kiitaliano.

"Mimi nimekua nao hao," alisema Bi Fatimah. "Wako wakimya, wako wapiga kelele, wako wazuri, wako wenye roho mbaya. Watu tu, kama sisi."

Mwenyekiti alimshukuru kwa mchango wake, akaagiza usiingizwe kwenye kumbukumbu.

Kisha azimio likapita. Mtu yeyote, pasipo kujali pasipoti yake, atakayeonyesha dalili zilizokubaliwa, yaani kunena kwa mikono, kupaza sauti, kuchelewa, kung'arisha viatu, kukosoa upishi wa wenzake na kumlilia mama yake, atatambuliwa kuwa Mwitaliano, na atapendwa. Maneno "mtu yeyote" aliyaongeza Mwenyekiti mwenyewe. Aliona azimio bila "mtu yeyote" limekaa kama barua ya likizo.

Jumamosi ya mtihani, Novemba, theluji ilikuwa imeanguka. Sebastian alifika kabla viti havijapangwa. Alikuwa fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto, kijana mrefu, mpole, wa kuona haya. Akavua mabuti yake mlangoni, akabaki na soksi nene nyeupe, na bila kuulizwa akaanza kupanga viti.

Mzee Naftali akaandika: mtahiniwa amewahi kupita kiasi.

Mwenyekiti alifika saa nzima baadaye, viatu vyake vyeusi vya ncha kali viking'aa juu ya theluji. Hakuomba radhi. Mkubwa hachelewi, ni wadogo wanaowahi.

"Ondoa mikono mfukoni," aliamuru.

Maureen akamnong'oneza, Sebastian akaitoa. Akaiweka magotini, ikatulia hapo kama imelipiwa kodi.

"Maureen, mtafsirie. Muulize, yeye anamwonaje mama yake."

Maureen akamuuliza. Sebastian akafikiri kwa uaminifu, maana alikuwa mtu mkweli.

"Anasema yuko sawa," Maureen akasema kwa sauti ndogo.

"Yuko sawa?" Mwenyekiti aliwageukia wajumbe. "Mtu anaulizwa habari za tumbo lililomzaa, anasema yuko sawa? Ni mama huyo au ni betri ya gari?"

Bi Fatimah akaleta sufuria ya spageti alizopika kwa tui la nazi, iliki na pilipili kidogo. Sebastian akala sahani nzima, akafuta mdomo, akatamka kwamba si mbaya. Kwa watu wa Minnesota, jamani, hayo ni mapenzi mazito, mtu hutamka hivyo siku ya kuzaliwa mtoto wake wa kwanza. Lakini kamati haikuwa na kifungu cha Minnesota.

Mzee Naftali akasimama kusoma uamuzi. Mtahiniwa hajafikia kiwango. Harusi imesimamishwa hadi Mwitaliano apatikane, au hadi mtahiniwa aonyeshe maendeleo ya kuridhisha katika mikono.

Maureen akainuka. Kadi zilikuwa zimeshatumwa, gauni lilikuwa kabatini, na harusi ilikuwa Jumamosi iliyofuata. Macho yalikuwa yamejaa, ila sauti haikutetemeka.

"Anko, mimi siolewi na Italia. Naolewa na Sebastian. Amenifundisha ku-drive kwa theluji, mimi nikilia na yeye akinyamaza tu hapo kando, hajawahi kunipigia kelele hata nilipogonga gari lake. Nampenda. Sasa wewe ukikataa, nani atasimama na mimi? Baba hayuko. Mama hana viza. Nimebaki na nani huku?"

Hata Mzee Naftali aliacha kuandika. Na kama Nahashon angesema "mwanangu" tu hapo, mambo yangeishia pazuri. Lakini cheo kikishampanda mtu kichwani hushuka kwa taabu.

"Usinivunjie heshima mbele ya wajumbe!" alifoka. Mkono wa kulia ulikwenda juu, wa kushoto ukakata hewa. "Nimeahidi Nakuru Mwitaliano! Nimeahidi kanisa! Mimi ni wa kuitwa mwongo, mimi?" Akapiga kifua, akapiga meza, sauti yake ikapita ukutani na mpangaji wa upande wa pili akagonga. "Na hizi spageti! Nani aliwaambia spageti zinatiwa iliki? Zimeiva mpaka zimekuwa uji! Mama yangu, yule mama, angeona chakula hiki..." Akatoa leso. "Mama yangu, watu wangu! Yule mama alinibeba mgongoni! Hakuna mwanamke kama yule duniani!"

Akalia. Akalia kweli, mabega yakipanda na kushuka, mikono yote miwili ikielekea dari.

Bi Fatimah alimtazama kwa utulivu, kutoka kipara hadi ncha za viatu.

"Hoja ya nidhamu," alisema. "Bwana Katibu, hebu tusomee lile azimio. Pale penye 'mtu yeyote'."

Mzee Naftali akasoma. Alipofika kwenye viatu alipunguza mwendo. Alipofika kwa mama alivua miwani.

"Basi mimi natoa hoja," Bi Fatimah akaendelea, "kwamba Bwana Nahashon ni Mwitaliano. Na katiba yetu inasema mwenyekiti sharti awe Mwafrika Mashariki. Nani ananiunga mkono?"

Mikono ikainuka ukumbi mzima. Hata Sebastian, ambaye hakuelewa kitu, aliinua wake, akidhani wanapiga kura ya kupunguza joto.

"Upuuzi!" Nahashon alipiga kelele kwa mikono miwili. "Mzee Naftali, futa azimio hilo sasa hivi!"

"Azimio hufutwa kwa pendekezo la mwenyekiti," alisema Mzee Naftali kwa masikitiko ya dhati. "Na kwa sasa mwenyekiti hatuna."

Wajumbe wakaanza kupanga foleni kumkumbatia, maana azimio lilisema pia kwamba atapendwa, na hawa walikuwa watu wa kutii sheria. Mmoja alimbusu mashavu yote mawili.

"Sasa kaa chini, baba," Bi Fatimah akamwambia. "Dada yako aliahidiwa Mwitaliano katika familia. Si ndiye wewe? Tena wa tumbo moja naye! Ahadi imetimia, harusi iko palepale, na utasimama na mtoto huyu kama mjomba, maana ujomba hakuna aliyekuvua. Mpigie Dinah umwambie."

Maureen akaangua kicheko huku machozi yakimtoka, akamshika Sebastian mkono. Nahashon akaangalia huku na huku, hakuona mjumbe wa kumtetea. Akaingiza namba za kadi kwenye simu ya mezani. Bi Fatimah akabonyeza spika ili kamati nayo ifaidi.

"Dada," alisema Nahashon, sauti imekwisha nguvu. "Mwitaliano amethibitishwa. Harusi iendelee."

"Mungu mkubwa!" Dinah akapiga kigelegele, vyombo vikalia nyuma yake, maana Nakuru walikuwa mezani kwa chakula cha jioni. "Na ni kweli wanavyosema? Anampenda mama yake?"

Nahashon akakunja leso yake. "Anampenda. Alilia mbele ya kamati."

"Alilia! Ona mtoto aliyelelewa! Jifunze kwake basi, Nahashon. Wewe kila ukipiga ni habari za mikutano yako, ukimaliza unakata. Mama hujamsalimia tangu Pasaka. Yuko hapa mezani, ananiuliza ni nani. Hebu mpe huyo Mwitaliano simu, angalau yeye aongee naye."

Sauti ya kikongwe ikasikika kwenye spika, karibu kabisa: "Haloo? Haloo, mwanangu?"

Bi Fatimah akaisogeza simu kwa Nahashon. Mikono ya Nahashon ilikuwa imelala magotini kama ile ya Sebastian, na ukumbi mzima ukawa unamngoja aseme kitu.